Tumewafunza kujibu, hatujawafunza kufikiri kwa sauti

Suala la vijana waliohitimu vyuo vikuu na kukosa kazi limejadiliwa mara nyingi magazetini, na aghalabu lawama huelekezwa kwa serikali, kwa waajiri au kwa vijana wenyewe. Leo nataka kuligusa kutoka upande ambao sisi walimu hatupendi kuutazama. Nataka kuzungumzia usaili wa kazi za uhandisi wa programu za kompyuta, pamoja na yale ambayo usaili huo unafichua kuhusu madarasa yetu.

Nafundisha Kitengela. Mji huu, ulioko katika Kaunti ya Kajiado, kiasi cha kilomita 30 kutoka jijini Nairobi, ni mji wa wapangaji na wa vijana. Sensa ya 2019 ilihesabu hapa watu zaidi ya 150,000. Miongoni mwao wamo wengi waliosomea sayansi ya kompyuta wakaja kukodi nyumba huku kwa sababu kodi za Nairobi haziwezekani. Wapo pia wenyeji, watoto wa Isinya na wa Kajiado mjini, waliopitia mikononi mwetu walimu kabla ya kwenda vyuoni. Hawa wanapotoka kwenye usaili hunipitia wakanieleza yaliyowapata, nami kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza. Kauli moja imerudiwa mara nyingi mno: "Mwalimu, jibu nilikuwa nalo. Kusema ndiko kulikonishinda."

Nashikilia kwamba kauli hiyo si kisingizio. Ni ushahidi.

Kazi zenyewe si za kupuuzwa. Mnamo Mei 2019, kampuni ya Microsoft ilitangaza kufungua vituo vya kuunda programu Nairobi na Lagos, ikisema ingetumia zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka 5 na kuajiri wahandisi 500 kufikia mwisho wa 2023. Aprili 2022, Google nayo ilitangaza kwamba kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa barani Afrika kingekuwa Nairobi. Zaidi ya hao kuna benki, kampuni za simu na huduma za fedha zilizochipuka baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007, na kuna kampuni za ng'ambo zinazomwajiri kijana akiwa papa hapa nyumbani kwake.

Hata hivyo, lango la kuingilia ni jembamba. Andela, kampuni iliyofika Nairobi mwaka 2015 na kujipatia sifa kwa kuwaandaa vijana wa Afrika kufanyia kazi kampuni za kigeni, ilijigamba kuwa huchukua chini ya mtu 1 kati ya kila waombaji 100. Septemba 2019, kampuni hiyo hiyo iliamua kuachana na mamia ya wahandisi wake wachanga, kwa hoja kwamba soko lilitaka wenye tajiriba zaidi. Kwa hiyo, kijana anayeitwa kwenye usaili amekwisha kuwapita wengi. Akiangushwa na ulimi ilhali kichwa kilikuwa sawa, hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya mzazi aliyeuza ng'ombe, na ni ya shule iliyomlea.

Kwa mwalimu asiyeujua usaili wa namna hii, yafaa nieleze unavyoendeshwa. Hatua ya kwanza ni wasifukazi. Wengi huachwa hapo bila kupewa hata jibu. Ya pili ni jaribio la mtandaoni: maswali mawili au matatu, muda wa saa moja au moja u nusu, na kompyuta ndiyo inayosahihisha. Hapa watoto wetu hawana tatizo kubwa. Jaribio hilo lafanana na mtihani wa KCSE: swali, kimya, saa inayokwenda, jibu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kizaazaa. Kwa muda wa dakika 45 au saa nzima, msailiwa huketi mbele ya mhandisi, ana kwa ana au kwa njia ya video, akapewa tatizo asilowahi kuliona. Mathalani aambiwe: "Hii ni orodha ya namba milioni moja. Tafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 100." Msaili hangojei jibu tu. Anataka kumsikia kijana akiuliza: Je, namba zaweza kurudiwa? Zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa? Nifanyeje iwapo jozi kama hiyo haipo? Anataka kuisikia njia ya kwanza, hata ikiwa duni: kulinganisha kila namba na kila nyingine, njia ambayo kwa namba milioni moja itadai ulinganishi wapata bilioni 500. Kisha anataka kuisikia fikra ikijikosoa yenyewe: "Ngoja. Nikiiona 37, ninachohitaji ni 63 pekee. Mbona nisiweke kumbukumbu ya namba nilizokwisha kuziona, nikaipitia orodha mara moja tu?" Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mhandisi hafanyi kazi peke yake pangoni. Hushinda akiwaeleza wenzake kwa nini amechagua njia hii akaiacha ile.

Hatua ya nne ni maswali kuhusu mwenendo. Ulipokosana na mwenzako kazini, mlipatanaje? Ni kosa gani ulilolifanya, nawe ulijifunza nini?

Sasa tuwatazame vijana wetu. Binti mmoja wa Kajiado mjini, hodari wa hisabati tangu kidato cha kwanza, alipewa tatizo akanyamaza kwa dakika 20. Alikuwa akifikiri. Mwishowe akaandika jibu, nalo likawa sahihi. Siku chache baadaye akapokea barua pepe iliyosema kwamba kampuni haikuweza kufuata mwendo wa fikra zake. Nilipomwuliza kwa nini hakusema neno, alinijibu kwamba alidhani kusema kabla ya kuhakikisha ni utovu wa adabu, na kwamba kumwuliza msaili swali kungeonyesha kuwa hakusikiliza alipoelezwa.

Kijana mwingine, wa hapa Kitengela, stima ilimpotea katikati ya usaili. Akaunganisha kipakatalishi na simu, akanunua bando, akarudi kwenye mazungumzo huku pikipiki za bodaboda zikinguruma dirishani. Lililomwangusha si kukatika kwa stima. Aliona haya kumwambia msaili yaliyomfika. Akahangaika kimyakimya kwa dakika kumi, na yule wa upande wa pili akadhani swali limemshinda.

Wa tatu aliulizwa ataje kosa alilowahi kufanya. Akajibu kwa ujasiri kwamba hajawahi kufanya kosa lolote. Aliamini huo ni mtego. Nani amlaumu? Katika shule alizozijua, mwenye kukiri kosa huadhibiwa na mwenye kukana huponea.

Huenda msomaji akauliza: je, si kampuni zenyewe zenye makosa? Mbona zisiwapime vijana kwa kazi, badala ya kuwapima kwa maneno? Swali hilo ni la haki, na majibu yake hayazipendelei kampuni. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State nchini Marekani, wakishirikiana na Microsoft, walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 48 wa kompyuta. Nusu yao walitatua tatizo ubaoni huku wakitazamwa na wakieleza fikra zao. Nusu nyingine walitatua tatizo hilo hilo peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kiasi kwamba ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Idadi hiyo ni ndogo na haitoshi kufungia hukumu, lakini yatosha kumfanya mwajiri mwenye busara ajiulize kama anapima akili au anapima woga.

Isitoshe, walioumizwa na mtindo huu si Waafrika pekee. Mwaka 2015, Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi wenye kompyuta za Apple, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa kuwa hakuweza kutatua fumbo fulani ubaoni, ingawa wahandisi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakiitumia programu yake. Na miaka miwili kabla ya hapo, mnamo 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, aliliambia gazeti la The New York Times kwamba mafumbo ya kuchezea akili waliyokuwa wakiwauliza wasailiwa yalikuwa kupoteza wakati. Ikiwa wenye mali wamekiri hivyo, sisi hatuna sababu ya kuusujudia usaili wao.

Lakini kutoka hapo, siwezi kukubali kwamba dawa ni kuketi tukingoja kampuni zijirekebishe. Kutazamwa ni mzigo, naam. Mzigo huo huwa mwepesi kwa aliyezoea kuubeba. Mtoto aliyesimama mara mia mbele ya wenzake akaeleza anachofikiri, akakosolewa, akajisahihisha na akaketi bila kuchekwa, hatatetemeka sana mbele ya mgeni mmoja. Mazoezi hayo tayari yanauzwa. Wapo wanaotoza pesa kumfanyia kijana usaili wa majaribio, na zipo shule za gharama kubwa ambako mtoto huzoezwa kutoa hoja tangu akiwa mdogo. Ikiwa shule ya umma ya Isinya au Kajiado haitatoa mazoezi hayo bure, basi kufikiri kwa sauti kutakuwa mali ya wenye nacho, nasi tutaendelea kushangaa kwa nini watoto werevu wa maskini hukataliwa mlangoni.

Hebu tuutazame mwenendo wetu darasani bila kujifichaficha. Kiranja huandika orodha ya wapiga kelele, na darasa linalosifiwa ni lile lililo kimya. Mwalimu huuliza swali, mkono huinuka, jibu likiwa si lenyewe huamrishwa "Keti!", na darasa zima huangua kicheko. Mwanafunzi hujifunza kwamba kinywa hufunguliwa kwa jibu lililokamilika tu. Fauka ya hayo, mwalimu mwenyewe hufika na hesabu aliyoitayarisha usiku, akaiandika ubaoni kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kusita hata mara moja. Hivyo mtoto humaliza miaka 12 shuleni bila kumwona mtu mzima hata mmoja akifikiri. Huyaona matokeo ya fikra tu. Iweje asiamini kwamba wenye akili hawakwami?

Wapo watakaosema kwamba huu ndio utamaduni wetu, kwamba mtoto wa Kiafrika hunyamaza mbele ya wakubwa. Sikubaliani nao. Nani asiyekumbuka vitendawili? Mmoja hutangaza "Kitendawili!", wengine huitikia "Tega!", na baada ya hapo makisio humiminika. Hili siyo. Na hili? Siyo, ila umekaribia. Hakuna anayeadhibiwa kwa kukosea, na wakishindwa wote hutoa mji, mchezo ukaendelea. Babu zetu walijua kwamba fikra ya mtoto hunolewa kwa kusikika ingali mbichi. Aliyetuletea darasa la kimya si bibi yetu aliyeketi jikoni jioni. Ni shule ya mitihani.

Tena, kibali cha kubadilika tunacho. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umetaja mawasiliano na ushirikiano, kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, pamoja na ujuzi wa kidijitali, kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kufundishia uandishi wa programu shuleni. Lakini somo la kuandika programu likifundishwa kwa imla, mwalimu akisoma na watoto wakinakili, litafanana na kumfunza mtoto kuogelea kwa kumsomea kitabu akiwa ufuoni.

Nitatoa mapendekezo machache ambayo hayahitaji bajeti ya wizara.

Kwanza, mwalimu mwenzangu, mara moja kwa wiki waombe wanafunzi wakuletee swali usilolitayarisha, ulitatue mbele yao. Sema kila unachofikiri. Ukikwama, waambie umekwama wapi na kwa nini. Heshima yako haitapungua.

Pili, mwanafunzi asimamapo ubaoni, kuwe na kanuni mbili: asichekwe, wala asipewe jibu na mtu. Wenzake waruhusiwe kuuliza "kwa nini?" pekee.

Tatu, upo mradi wa somo la Kompyuta katika KCSE, ile karatasi ya tatu ambayo mtahiniwa huunda mfumo na kuuandikia maelezo. Kila mwalimu wa somo hili anakijua kishawishi cha mradi wa kununua. Kabla ya mradi kukusanywa, kila mtahiniwa na ausimamie mbele ya darasa kwa dakika kumi, aeleze kwa nini alipanga kumbukumbu zake hivi na si vile. Aliyenunua atajulikana, na aliyetengeneza atakuwa ameonja usaili wake wa kwanza.

Nne, tusiifanye lugha kuwa kikwazo cha fikra. Mtoto wa Kajiado aghalabu huongea Kimaa nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Usaili utakuwa wa Kiingereza, hilo halina ubishi. Hata hivyo, aijengaye hoja kwa lugha anayoimudu kisha akaihamishia katika Kiingereza ana kitu cha kuhamisha. Aliyekariri sentensi za Kiingereza asizozielewa hana kitu.

Najua nitaambiwa kwamba madarasa yamefurika, silabasi ni ndefu na mitihani haingoji. Ni kweli. Lakini sijaomba somo jipya. Naomba dakika tano za kipindi kilichopo. Ukimsikia mwanafunzi mmoja kila siku, utakuwa umewasikia darasa zima la watoto 50 kabla muhula haujaisha.

Nawe mwanafunzi, usimngoje mwalimu. Tafuta mwenzako. Mmoja awe msaili, mwingine msailiwa. Chagueni tatizo, wekeni saa, semeni kwa dakika 45, kisha mbadilishane. Jizoeze kauli tatu. Ya kwanza: "Nimelielewa swali hivi, je, ndivyo?" Ya pili: "Njia ya kwanza inayonijia ni hii, ingawa ni ya polepole." Ya tatu: "Hapa nimekwama, na sababu ni hii." Kauli hizo zingemsaidia yule binti wa Kajiado, na ya tatu ingemsaidia kijana aliyepotelewa na stima. Wala usidanganywe kwamba akili mnemba sasa inaandika programu, kwa hiyo haya hayana maana. Mashine inapoandika, anayetakiwa ni mtu awezaye kueleza kama kilichoandikwa ni sawa au si sawa, na kwa nini. Baadhi ya kampuni zimeanza kurejesha usaili wa ana kwa ana kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa kampuni nina machache. Mpeni msailiwa dakika kumi za kufikiri peke yake kabla ya kumtaka aseme. Mwambieni mapema kwamba mtapima maelezo yake, si jibu tu, maana si kila mtu amelelewa akijua hivyo. Na mkimkataa, mwelezeni sababu. Barua ya mistari mitatu iliyomweleza yule binti kilichokosekana ilimfaa kuliko kimya wanachopewa wengine.

Kwa wakuu wa kaunti nina moja. Mji wa teknolojia wa Konza, uliotajwa katika mipango ya taifa tangu 2008 na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013, uko mpakani mwetu na Machakos na Makueni. Hautamfaa kitu mtoto wa Isinya ikiwa atauona kwa mbali tu. Tengeni chumba kimoja kitulivu Kitengela na kingine Kajiado mjini, chenye intaneti na stima ya akiba, ambamo kijana mwenye usaili ataingia kwa saa moja bila malipo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu ya uzinduzi.

Hayo yote yaweza kuchukua muda. Lililo mikononi mwetu halihitaji muda. Kesho, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi atakaponyamaza mbele ya swali, usimwambie aketi. Mwambie aseme anachofikiri mpaka pale alipofika. Kisha umngoje.